Haki Zilizosomwa Dodoma Mwaka 1994

Katika historia ya sheria za nchi yetu uko mwaka mmoja ambao wanasheria huutaja kwa taadhima, nao ni mwaka 1994. Na uko mji mmoja ambao ni wachache wanaokumbuka kuupa sehemu yake katika taadhima hiyo, nao ni Dodoma. Zama zile Dodoma ulikuwa makao makuu kwa jina kuliko kwa vitendo, kwani wizara karibu zote zilikuwa zingali pwani, na upepo wa kiangazi ulilichukua vumbi la Ugogo kutoka Bahi hadi Kongwa bila ya kuzuiwa na majumba marefu yaonekanayo leo. Lakini katika Mahakama Kuu ya mji huo, kati ya Juni na Oktoba, majaji wawili waliisoma sehemu ileile ya Katiba, kila mmoja katika shauri lake, wakatoa hukumu mbili ambazo mpaka leo hazijakwisha kujadiliwa. Hukumu ya kwanza ilikuwa juu ya uhai wa mtu. Ya pili ilikuwa juu ya sauti yake katika kuitawala nchi yake.

Nimezichagua hukumu hizo kwa sababu aghalabu tunapozungumza habari za haki na uhuru wa raia twazungumza kana kwamba kazi ilikwisha siku zilipopigwa chapa. Ni kweli kwamba Sehemu ya Tatu ya Sura ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977, kuanzia ibara ya 12 hadi ya 29, imezitaja haki nyingi na njema: usawa mbele ya sheria, haki ya kuishi, uhuru wa nafsi, faragha ya mtu na nyumba yake, uhuru wa kwenda atakako, uhuru wa maoni, wa dini na wa kukusanyika, haki ya kushiriki katika shughuli za umma, haki ya kufanya kazi na kulipwa ujira wa haki, na haki ya kumiliki mali. Lakini haki ambayo mwenye kudhulumiwa hana pa kuipeleka, au ambayo akiisha kuipata kwa hukumu ya jaji yaweza kuondolewa tena kwa kura ya asubuhi moja, hiyo ingali ahadi. Hili ndilo nitakalo kulieleza, na Dodoma ndipo mahali pa kulielezea, maana ndani ya mji huu mmoja leo imo nyumba inayoifasiri Katiba na imo nyumba inayoibadili.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 Katiba yake haikuwa na orodha ya haki za raia, na hilo halikutokea kwa kusahau. Waliopokea madaraka waliikataa orodha hiyo kwa hoja kwamba taifa changa, lenye kupigana na maadui watatu, yaani ujinga, maradhi na umaskini, halina budi kwenda kwa haraka, na kwamba mahakama za siku zile, ambazo majaji wake wengi walikuwa wageni, zingeweza kuifunga mikono serikali iliyochaguliwa na wananchi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, wala si insafu kuidharau sisi tuliozaliwa katika raha ya kuikosoa. Walakini matokeo yake yalionekana mapema. Mwaka 1962 ilitungwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila ya kumfikisha mbele ya hakimu. Mwaka 1965 Katiba ya Muda ikauhalalisha mfumo wa chama kimoja. Na maneno ya haki yakabaki katika utangulizi, mahali ambapo mahakama hazingeweza kuyashika na kuyafanyia kazi.

Katika uwanda huu wa kati ukosefu huo haukuwa jambo la vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukame ulipokuwa umewatesa watu, ilianzishwa Operesheni Dodoma, miongoni mwa operesheni za mwanzo za kuwakusanya watu katika vijiji. Wagogo, ambao tangu kale walijenga tembe zao mbalimbali, kila kaya karibu na shamba lake la uwele na mtama na malisho ya ng'ombe wake, walitakiwa kuziacha tembe hizo na kujenga upya kwa safu mahali walipoonyeshwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, na hapana mwenye haki atakayeikana nia yake njema, wala shule, visima na zahanati zilizokusudiwa kufuata. Lakini katika operesheni zile, hapa na kwingineko nchini, si wote waliohama kwa ridhaa, na mzee aliyeiona nyumba yake ikibomolewa ili asiirudie hakuwa na ibara ya 17 wala ya 24 ya kuishika, wala hakimu wa kumwendea kwa dai la namna hiyo. Alikuwa na manung'uniko, na manung'uniko hayafunguliwi jalada.

Haki ziliingia katika Katiba kwa mlango wa mjadala wa mwaka 1983, ulioanzishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama cha Mapinduzi juu ya mambo mengine, nao wananchi wa Bara na Visiwani, pamoja na wanasheria, wakautumia kudai lile ambalo watangulizi wao walinyimwa. Sheria Na. 15 ya mwaka 1984, yaani Mabadiliko ya Tano, ikaziandika haki hizo. Hata hivyo serikali ilijiwekea muhula wa miaka mitatu, kuanzia Machi 1985, ambamo hakuna aliyeruhusiwa kwenda mahakamani kudai kuwa sheria fulani inapingana na haki mpya, ili kwamba sheria mbaya zipate kusafishwa kwa utulivu. Muhula ukapita hadi Machi 1988, na kusafisha kwenyewe hakukufanyika. Na Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilipotoa taarifa yake mwaka 1992 juu ya mfumo wa vyama vingi, ilizitaja sheria 40 ambazo kwa maoni yake zilistahili kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa ziliwakandamiza raia.

Basi kazi ambayo serikali haikuifanya ikaangukia mabegani mwa majaji. Wa kwanza kuibeba bila ya kusita alikuwa Jaji James Mwalusanya, ambaye katika mwaka uleule wa 1988, akiwa Mwanza, aliitangaza kuwa batili sheria ya kikoloni iliyoruhusu kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani nayo, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ililiondoa sharti la mwananchi kupata kwanza ridhaa ya serikali ndipo aishitaki serikali hiyohiyo, ikaweka na kipimo ambacho kingali kinatumika: kwamba sheria inayopunguza haki ni lazima isitoe nafasi ya uonevu, na isipunguze zaidi ya kadiri inayohitajiwa na lengo halali.

Jaji Mwalusanya alipokuja Dodoma alilikuta shauri ambalo wanasheria hulitaja kwa jina la Mbushuu. Watu wawili walitiwa hatiani kwa kosa la kuua, na sheria yetu ya kosa hilo haina adhabu ila moja: kunyongwa hadi kufa. Jaji hakuwaona kuwa hawana hatia. Hilo lisisahauliwe, kwani wapo wanaodhani kwamba kuizungumza haki ya mwuaji ni kumdhulumu aliyeuawa. Alichouliza ni kama dola, katika kumwadhibu mwuaji, inaruhusiwa na Katiba yake yenyewe kumtendea mtu lolote itakalo. Akaitazama ibara ya 13, inayotaka heshima ya binadamu itunzwe hata katika utekelezaji wa adhabu na kukataza adhabu za kutweza. Akaitazama ibara ya 14, ya haki ya kuishi. Akayapima mateso ya kitanzi na yale ya kukingoja. Kisha tarehe 22 Juni 1994 akatamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, na kwamba serikali haikuthibitisha kuwa kifungo cha maisha hakitoshi kuilinda jamii. Wale wawili wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Januari 1995 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, na namna ilivyoitengua yastahili kusomwa kwa makini. Majaji wa Rufani hawakusema kwamba Jaji Mwalusanya alikosea kuiona adhabu hiyo kuwa ya kikatili na yenye kutweza utu. Walikubali kwamba ndivyo ilivyo. Walisema kwamba ibara ya 30, ibara ndogo ya pili, inairuhusu sheria kuipunguza haki kwa ajili ya maslahi ya umma, na kwamba ni jamii itakayoamua kama wakati wa kuiacha adhabu hiyo umefika. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini, iliyokuwa ndiyo kwanza imezaliwa baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, iliisoma hukumu hiyo ya Tanzania katika shauri la Makwanyane, ikafika mwisho ulio mbali na wa Mahakama yetu ya Rufani: kitanzi kikafutwa. Hoja zilizotolewa katika mji wa vumbi na zabibu zilisafiri hadi Johannesburg zikakubaliwa huko ilhali nyumbani zilikwisha kukataliwa. Nchini mwetu hajanyongwa mtu tangu miaka hiyohiyo ya tisini, na bado sheria ipo, na majaji wangali wanalazimika kuitamka adhabu hiyo, na wafungwa wangali wanaingoja. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisema tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri lililofunguliwa na wafungwa wa namna hiyo, kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo pasipo kumwachia nafasi ya kupima hali ya mkosaji ni kuivunja haki ya kuishi. Nami naungana na rai hiyo kwa moyo wote, kwa sababu jaji asiyeruhusiwa kupima si jaji tena katika saa ile ambayo tunamhitaji zaidi.

Shauri la pili lilikuwa la mtu wa tabia nyingine kabisa. Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, alikuwa mhubiri na mwanasiasa ambaye chama chake, Democratic Party, kilinyimwa usajili kwa sababu kiliukataa Muungano kama ulivyo. Alikuwa msemaji wa moto, na baadhi ya maneno yake, hasa yale aliyoyaelekeza kwa Watanzania wenye asili ya Asia, yalikuwa ya kuumiza na ya kuchochea, nami siyatetei hata neno moja. Lakini Katiba haikuandikwa kwa ajili ya wapole peke yao, na yamkini ni heri kwetu kwamba aliyeijaribu alikuwa mtu mgumu kama yeye, kwa kuwa haki iliyothibitishwa kwa ajili ya mtu asiyependwa na wakubwa hapana atakayeweza kusema kwamba ilitolewa kwa upendeleo. Shauri lake la madai, Na. 5 la mwaka 1993, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, lilisikilizwa Dodoma na Jaji Kahwa Lugakingira, na hukumu ikasomwa tarehe 24 Oktoba 1994.

Swali la kwanza lililomkabili Jaji lilikuwa kama Mtikila ana haki hata ya kusimama mbele yake. Desturi ya sheria tuliyoirithi kwa Waingereza inamtaka mdai aonyeshe jeraha lake mwenyewe: umepoteza nini wewe, hata uje hapa? Jaji Lugakingira akaifungua ibara ya 26, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi, akasema kwamba katika jamii ambayo wengi ni maskini na hawakupata elimu ya kutosha kuzijua haki zao, wakingojwa walioumizwa waje wenyewe, Katiba itakaa bila ya mlinzi. Kwa hiyo anapotokea mtu mmoja mwenye ujasiri na maarifa ya kuyaleta malalamiko ya umma, mahakama imsikilize. Sioni hukumu nyingine ya mahakama zetu iliyoitazama hali ya Mtanzania wa kawaida kwa macho ya karibu kiasi hicho. Mkulima wa Mpwapwa au mfugaji wa Manyoni ambaye sheria mpya inampunguzia haki hapati nakala ya Gazeti la Serikali, na akiipata hana nauli ya kumfikia wakili, sembuse ada yake. Na huyu ndiye ambaye Jaji alimweka moyoni alipokuwa akiifasiri ibara hiyo.

Si yote aliyoyaomba Mtikila aliyopewa. Madai yake juu ya Muungano na juu ya Wazanzibari kushika vyeo Bara hayakukubaliwa. Lakini mawili makubwa alipata. La kwanza, sheria iliyomlazimisha mtu kuomba kibali kabla ya kufanya mkutano wa hadhara ilitangazwa kuwa kinyume cha uhuru wa kukusanyika, kwa kuwa uhuru unaotegemea hiari ya mtumishi wa serikali kuutoa au kuunyima huwa fadhila, na fadhila si haki. La pili ndilo lililotikisa: kwamba ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake, na ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote, kwa hiyo raia yeyote aweza kugombea uongozi akiwa na chama au bila ya chama.

Mgombea binafsi hakuwa kiumbe kigeni katika nchi hii. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilipovipata viti 70 kati ya 71, kile kimoja kilichosalia, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake, na watu wa Mbulu wakamchagua wao. Nchi haikubomoka. Uhuru ulipatikana mwaka uliofuata kama ulivyokusudiwa, na mtu aliyekataliwa na chama akakubaliwa na majirani zake aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria pamoja na waliomkataa.

Ama yaliyofuata baada ya hukumu ya Oktoba, hayo ndiyo kiini cha habari hii. Shauri lilipokuwa lingali mbele ya Jaji, muswada wa kubadili Katiba ulikuwa umekwisha kutangazwa. Na tarehe 2 Desemba 1994, wiki chache tu baada ya hukumu kusomwa, Bunge likaupitisha. Sheria Na. 34 ya mwaka huo, Mabadiliko ya Kumi na Moja, iliiwekea ibara ya 21 maneno machache kichwani, kwamba haki ya raia ya kushiriki katika utawala ni bila ya kuathiri masharti ya ibara ya 39, ya 47 na ya 67, ambazo ndizo zinazomtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Haki haikufutwa, iliachwa mahali pake, ikafungwa kamba. Na sheria iliyoitangulia kwa nambari, Na. 33, ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, iliamuru kwamba tangu sasa mashauri ya namna hii yasikilizwe na majaji watatu, ili asiwepo tena jaji mmoja wa kuifanya kazi iliyofanywa na Mwalusanya na Lugakingira kila mmoja peke yake.

Ifahamike kwamba Bunge halikuvunja utaratibu. Ibara ya 98 ya Katiba inaliruhusu kubadili masharti mengi kwa theluthi mbili ya kura za wabunge wote, na mambo yale yanayohusu Muungano, yaliyoorodheshwa katika Nyongeza ya Pili, yanadai theluthi mbili za kila upande, Bara na Zanzibar. Orodha hiyo inakulinda kuwapo kwa ofisi ya Rais, inailinda Mahakama Kuu ya Zanzibar, inailinda idadi ya wabunge kutoka Zanzibar. Haki za raia hazimo. Mtu aliyeandikiwa kwamba amezaliwa huru na sawa na wenziwe ana kinga hafifu zaidi kuliko idadi ya viti vya Bunge. Mwalimu Nyerere, ambaye kwa hiari yake alikwisha kung'atuka na ambaye serikali yake mwenyewe iliwahi kuikataa orodha ya haki, aliyaona hayo akayakemea katika kitabu chake cha Kiingereza, Our Leadership and the Destiny of Tanzania: akauliza kwamba kama ibara moja ya haki imeweza kubadilishwa ili kumzuia raia, ni kitu gani kitakachozuia zote zilizobaki zisibadilishwe hivyo hivyo mpaka zisiwe na maana yoyote. Mzee aliyekuwa na mamlaka yote kwa miaka 20 na ushei alikuwa akitutahadharisha juu ya mamlaka.

Mtikila hakukaa kimya. Mwaka 2005 alirudi mahakamani, safari hii Dar es Salaam, na tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa haki, wakisema kwamba hata Bunge haliwezi kuibadili Katiba kwa namna inayoiharibu misingi yake. Fikra hiyo Mahakama Kuu Kabisa ya India iliijengea hoja mwaka 1973 katika shauri la Kesavananda Bharati. Tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua, ikiikataa fikra hiyo ya misingi isiyogusika na kusema kwamba jambo la mgombea binafsi ni la kisiasa na mamlaka yake yako kwa Bunge. Ndipo yeye, na pamoja naye Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakaenda Arusha. Na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika, katika hukumu yake ya kwanza kabisa iliyoingia katika kiini cha madai, ikasema kwamba Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu kwa kumfungia raia asiye na chama. Oktoba 2015 Mchungaji Mtikila alifariki katika ajali ya gari mkoani Pwani, uchaguzi mkuu ukiwa umebakiza wiki tatu, na hakuna jina la mgombea binafsi hata mmoja lililokuwa katika karatasi za kura. Novemba 2019 serikali yetu ililiondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, nayo mahakama yenyewe imo katika ardhi yetu.

Hapo katikati, Dodoma ilipata saa yake nyingine. Kuanzia Februari 2014 wajumbe zaidi ya 600 wa Bunge Maalumu la Katiba walikutana hapa kuijadili rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, ambayo kati ya mengine ilimrudishia mgombea huru nafasi yake. Nyumba za wageni zilijaa, na watu waliyasikiliza majadiliano katika redio madukani na vijiweni. Lakini muundo wa Muungano, serikali mbili au tatu, uliwagawanya wajumbe mno hata upinzani ukatoka ukumbini mwezi Aprili, na sura ya haki za binadamu, ambayo kwayo hapakuwa na uhasama mkubwa, ikabebwa na kutoswa pamoja na zile zilizogombaniwa. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa, ikakabidhiwa kwa Marais wa pande mbili tarehe 8 Oktoba 2014 mjini hapa. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na tangu hapo raia hawajaulizwa.

Juni 2020 Bunge, likiwa Dodoma, lilipitisha marekebisho ya sheria mbalimbali, na ndani yake likaiongezea ile Sheria Na. 33 sharti kwamba anayepeleka dai la haki za msingi aape na kueleza ni kwa kiasi gani yeye binafsi ameathirika. Nani asiyeona kwamba sharti hilo liliufunga mlango ambao Jaji Lugakingira aliufungua kwa ajili ya maskini asiyejua haki zake? Watetezi wa haki walilipeleka sharti hilo lenyewe mahakamani, na walifanya vyema. Katika kipindi hichohicho uhuru wa kukusanyika, ambao tangu ile hukumu ya Oktoba ulikuwa unahitaji taarifa kwa polisi saa 48 kabla na hauhitaji kibali, ulikuwa umesimamishwa kwa vyama vya siasa tangu mwaka 2016 kwa kauli ya Rais, ukarejeshwa tarehe 3 Januari 2023 kwa kauli ya Rais mwingine. Nilifurahi uliporejeshwa, kama walivyofurahi wengi. Lakini furaha yangu haikuwa kamili, kwa kuwa ibara ya 20 haikubadilika hata herufi moja katika miaka yote ile, si siku uhuru ulipoondoka wala siku uliporudi.

Wako wasemao kwamba wananchi wa kawaida hawajali mambo haya, kwamba mtu wa Chemba au wa Kondoa anataka mvua, barabara na bei nzuri ya alizeti. Sikubaliani nao. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, iliamua shauri la Akonaay, la mtu na mwanawe walionyang'anywa ardhi yao ya mila kwa sheria iliyotungwa mwaka 1992 ili kuyafunika yaliyotendeka wakati wa kuanzisha vijiji. Na ikasema kwamba haki ya ardhi ya mila ni mali inayolindwa na ibara ya 24, isiyoweza kuchukuliwa pasipo fidia ya haki, na kwamba jasho alilolitia mtu katika ardhi hiyo nalo ni mali. Kwa hukumu moja mamilioni ya wakulima wasio na hati yoyote walipata ngao. Mkulima anayetaka bei ya alizeti yake anataka kwanza shamba la kuilimia, na shamba hilo linasimama juu ya ibara ya haki kama linavyosimama juu ya udongo.

Wenzetu wa Kenya, walipojiandikia Katiba mwaka 2010, waliliona tatizo hili wakalitia kufuli: ibara yao ya 255 inasema kwamba sura ya haki haiwezi kubadilishwa na Bunge peke yake pasipo kura ya wananchi wote. Nasi twaweza kulitenda hilo bila ya kungoja Katiba mpya, ambayo nayo naitaka na ninaidai. Yatosha kuongeza katika ibara ya 98 fungu fupi lisemalo kwamba ibara ya 12 hadi ya 30 hazitapunguzwa ila kwa kura ya maoni. Nchi ilikwisha kutunga Sheria ya Kura ya Maoni mwaka 2013, na yaweza kurekebishwa ili itumike kwa jambo hili. Muswada wa namna hiyo hauhitaji tume mpya wala Bunge Maalumu. Unahitaji mbunge au waziri wa kuuwasilisha, na theluthi mbili ya kura za wabunge wote, kiasi kilekile kilichotosha tarehe 2 Desemba 1994.